Tafakari: Tulijenga Nyumba Inayoweza Kubomolewa



Kijana mwenzangu, leo nakuomba ufungue Biblia kwenye kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32. Usiisome mbio mbio. Mimi mwenyewe nilikuwa naipita kila mara, naona ni habari za fedha na mashahidi tu, naruka kwenda kwenye mistari mitamu ya sura ya 29 na ya 31, ile tunayopenda kutumiana kwenye simu. Nimekuja kuielewa Kwaresima iliyopita, nikiwa na matope hadi magotini, upande wa Basotu, wilayani Hanang.

Hali ilikuwa hivi. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli. Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, kwa sababu amesema waziwazi kwamba mji utaanguka. Humo kifungoni anamjia Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, anamwambia: ninunulie shamba langu la kule Anathothi. Hebu fikiria. Adui yuko langoni, mnunuzi yuko ndani, na mtu anauza shamba! Angekuwa ni mimi ningemwambia, ndugu yangu, umechanganyikiwa?

Yeremia ananunua. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Kisha anamwagiza karani wake Baruku azichukue hati zote mbili, iliyofungwa na iliyo wazi, aziweke ndani ya chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Maana Mungu amemwambia kwamba iko siku watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Sasa twende Basotu.

Sisi ni vijana wa VIWAWA wa parokia moja upande wa Mbulu. Somo la Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu, lile la Isaya 58, linasema mfungo anaoutaka Mungu ni pamoja na kumpa makao maskini asiye na kwao. Mwenyekiti wetu akauliza mkutanoni: sisi tunafunga soda na nyama, je, nyumba ya nani tumeijenga? Kimya. Katekista mmoja ndiye aliyetuambia kuhusu mama mjane, Mbarabaig, mwenye watoto 4, ambaye nyumba yake ilikuwa imeangushwa mara 2. Eneo lake limepakana na shamba kubwa, na mpaka una mgogoro. Sitataja kijiji wala shamba. Shauri liko kwenye baraza na sisi si mahakimu. Ila uongozi wa kijiji ulituonyesha muhtasari wa mkutano unaosema pale ni ardhi ya kijiji na mama ana haki ya kujenga, na paroko wetu aliusoma wote, mstari kwa mstari, kabla ya kutupa baraka. (Vijana, jifunzeni hapo. Bidii bila kusoma karatasi inaweza kumponza yuleyule unayetaka kumsaidia.)

Tulikwenda 14, kwa lori, kupitia Haydom. Njiani mmoja wetu akauliza swali ambalo naamini wengi tulikuwa nalo moyoni: "Huyu mama ni Mkatoliki?" Si Mkatoliki. Anamwomba Mungu kwa jina la Aseeta, kama bibi zake walivyomwomba. Paroko, aliyekuwa amekaa mbele na dereva, akatoa kichwa dirishani: "Yule Msamaria alipomkuta mtu njiani alimwomba kwanza cheti cha ubatizo?" Tukacheka, tukanyamaza.

Lakini swali zito zaidi lilikuja jioni ya kwanza, na halikucheka mtu. Jirani wa mama, mzee mmoja mwenye shuka na fimbo yake, alitutazama tunavyochimba mashimo ya nguzo, akasema kwa Kiswahili cha polepole: "Mnajua hii wataibomoa tena?" Tukamwambia tunajua inawezekana. "Sasa mnajenga ya nini?"

Hakuna aliyejibu. Nami nilikuwa natafuta jibu la kiroho, sikulipata. Tukaendelea kuchimba.

Ili umwelewe yule mzee, inabidi ujue kilichotokea nchi ile. Vijana wengi wa jimbo letu la Mbulu hatukufundishwa habari hii, ingawa ni ya nyumbani kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilitaka kujitegemea kwa ngano, na Kanada ikakubali kusaidia kwa wataalamu na mitambo. Shirika la umma la NAFCO, lililoundwa mwaka 1969, likafungua mashamba 7 kwenye tambarare za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Kwa jumla zilichukuliwa ekari zaidi ya 100,000. Nia haikuwa mbaya. Watu wa mjini walihitaji mkate, na hata leo mimi na wewe tunakula chapati. Tatizo ni kwamba tambarare ile haikuwa tupu.

Wabarabaig ni wafugaji. Wana mzunguko wao: msimu huu ng'ombe wako huku, msimu ujao kule, ili majani yapumzike. Ile ardhi nzuri yenye rutuba walikuwa wanaiendea kwa wakati wake. Mgeni akifika wakati ng'ombe wako kwingine anaona nyasi tu, anaandika kwenye karatasi yake: hapa hakuna mtu. Lakini palikuwa na maboma yao, palikuwa na njia za maji na chumvi ya mifugo, na palikuwa na makaburi. Mzee wa heshima wa Kibarabaig akifa hujengewa kichuguu kikubwa cha udongo kiitwacho bung'eda, na shughuli yake huchukua miezi mingi, na ukoo wote hukusanyika. Kwao kaburi lile ni kama kwetu kaburi la baba wa parokia pale mbele ya kanisa. Makaburi hayo mengi yalilimwa. Watu waliondolewa, na malalamiko ya nyumba kuchomwa na watu kupigwa yalifika hadi kwenye tume ya uchunguzi.

Walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wenzao 67 waliishtaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha ikawapa haki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaibatilisha: baraza la kijiji halikuthibitisha kwamba liligawiwa ardhi ile kwa taratibu, na wadai walio wengi hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Umesikia hilo? Watu ambao babu zao wamezikwa pale waliambiwa hawakuonyesha ushahidi kwamba ni wenyeji. Baadaye NAFCO ikaisha, mashamba mengine yakarudi kwa wananchi na mengine yakapewa wawekezaji, na migogoro ya mipaka ikabaki kama visiki.

Ndiyo maana mzee alituuliza mnajenga ya nini. Alikuwa ameona nyumba nyingi.

Siku ya pili na ya tatu tulifanya kazi tu. Vijana wa kiume tulikata fito na kusimika nguzo. Mama na majirani zake ndio waliotufundisha kukanda udongo na mavi ya ng'ombe, na walitucheka sana, kwa sababu sisi tuliosoma tulikuwa tunaweka maji mengi, ukuta unateleza kama uji. Mvua ilinyesha mara 2. Mabinti wa kwaya walishika ukuta kwa mikono usianguke hadi ipite. Mtoto mdogo wa mama alikuwa anatufuata na kopo la maji ya kunywa, hasemi neno.

Na jioni tuliwasha moto, tukasoma Yeremia 32. Paroko akatueleza jambo nililokuwa sijui. Anathothi, kijiji alichozaliwa Yeremia, wataalamu wengi wanasema ndiyo Anata ya leo, upande wa kaskazini-mashariki wa Yerusalemu. Wanaishi Wapalestina. Na katika Anata hiyohiyo, mwaka 1998, nyumba ya Salim na Arabiya Shawamreh na watoto wao ilibomolewa na utawala wa Kiisraeli kwa sababu haikuwa na kibali. Kibali walikuwa wamekiomba, wakanyimwa, na kwa Mpalestina wa maeneo yale kukipata ni shida mno. Baada ya kubomolewa walikuja watu wa kujitolea, Wapalestina, wageni kutoka nchi nyingine, na Waisraeli pia, wa kamati iliyoanzishwa mwaka 1997 kupinga ubomoaji wa nyumba. Wakaijenga. Ikabomolewa. Wakaijenga tena, ikabomolewa tena, na hivyo hivyo kwa miaka. Mwishowe familia ikaifanya nyumba ile kuwa kituo cha amani.

Kuna aliyesema pale motoni, "Lakini Padre, Israeli si taifa la Mungu?" Najua na wewe unayesoma unaweza kuwa na swali hilo, kwa sababu tunaimba Yerusalemu na Sayuni kila Jumapili. Jibu lake lilikuwa fupi: someni 1 Wafalme 21. Ahabu alikuwa mfalme wa Israeli, na Nabothi alikuwa raia mwenye shamba la mizabibu alilorithi kwa baba zake. Mungu alimtuma Eliya kwa nani? Akaongeza kwamba asisikie kijana wake yeyote akiwatukana Wayahudi, maana Bwana wetu na Mama yake ni Wayahudi, na walioshika mwiko pale Anata wengine walikuwa Wayahudi vilevile.

Mimi sikulala vizuri usiku ule. Si kwa sababu ya Anata.

Hapa inabidi nikuambie jambo la nyumbani kwetu. Mimi ni Mwiraqw. Babu yangu aliendesha trekta kwenye shamba kubwa la ngano, sitalitaja, miaka ya 1970. Mshahara wake ndio uliomsomesha baba, na baba akanisomesha mimi. Kwa hiyo vidole hivi vinavyoandika tafakari hii vimelishwa na ile ngano. Nikiwa kidato cha pili, babu alinisimulia kwamba jioni moja jembe lilifika kwenye kichuguu. Alikijua ni nini. Kila mtu wa Hanang na Mbulu anakijua. Mzee mmoja wa Kibarabaig alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika fimbo, hasemi. Hakuna aliyemwamuru babu. Angeweza kuzunguka. "Nilitaka kumaliza mstari kabla ya giza," alisema. "Nikapita." Kisha akabadilisha mada, na hatukuizungumza tena.

Sasa niko pale, najenga ukuta wa mama, najiona mtakatifu wa Kwaresima. Nilikumbuka wale Bwana wetu aliowasema, wanaojenga makaburi ya manabii na huku baba zao ndio waliowaua. Mathayo 23. Nenda kasome, inachoma.

Jioni ya nne nilimwambia mama. Kwanza nilimwambia paroko, naye akasema kuungama kwa padre ni kwa dhambi zako wewe, hili la babu si lako kuliungama, lakini ukweli ni wako kuusema. Basi nikaenda, nikakaa chini karibu na moto wake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Mzee jirani alikuwepo, akawa anatafsiri pale Kiswahili changu kilipozidi. Nikasema yote. Trekta, kichuguu, yule mzee mwenye fimbo, ada yangu ya shule.

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea alie, au aseme amesamehe, tukumbatiane kama kwenye sinema. Mama alikoroga moto. Wakaongea wao kwa wao kwa Kidatoga, muda mrefu. Halafu mzee akaniuliza, "Babu yako yu hai?" Nikasema yu hai. "Anakumbuka mahali?" Nikasema sijui. "Mlete atuonyeshe."

Mwanzoni sikuelewa. Mzee akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Pale penye mgogoro wanasema walikuwepo tangu zamani, upande wa pili unasema hapajawahi kuwa na mtu. Kaburi ndilo shahidi wa Mbarabaig, na makaburi yamelimwa, hayaonekani. Waliokuwa wanayajua wengi wamekufa. Lakini yupo mtu mmoja mwingine anayejua kaburi lilipokuwa: yule aliyelilima.

Kijana mwenzangu, hapo ndipo nilipomwelewa Yeremia. Hakuwa anafanya mchezo wa matumaini. Alilipa, akaandika, akaita mashahidi. Imani yake ilikuwa na risiti. Na Baruku alitunza karatasi kwa sababu anayerudi kutoka uhamishoni ataulizwa: unaonyesha nini?

Na usidhani hayo ni ya Biblia tu. Hapa hapa kwenye jimbo letu, Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, ambayo wakati huo ilikuwa Mbulu na sasa ni Karatu, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walidai ardhi ambayo familia yao ilifyeka pori na kuimiliki kimila tangu mwaka 1943. Walishinda mahakamani, kisha mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za namna hiyo. Hawakukata tamaa. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa hivi hivi bila fidia ya haki. Wakulima wawili, baba na mwana! Leo kila mwanakijiji wa Tanzania anasimama juu ya kesi yao, na sisi wa nyumbani kwao hata majina yao hatuyajui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaja na hati ya hakimiliki ya kimila, na mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, pale Mbulu, wakapata hati ya pamoja ya ardhi yao, wao ambao hawalimi wala hawajengi nyumba za kudumu. Hakuna tena anayeweza kuandika kwamba pale hakuna mtu.

Papa Fransisko alikuwa anarudia maneno 3 alipokutana na vyama vya maskini, tangu mwaka 2014: ardhi, paa, kazi. Alisema ni haki takatifu. Sisi vijana tunaisikia kazi, kwa sababu tunaitafuta. Paa tunalisikia tukipanga chumba mjini. Ardhi tumewaachia wazee. Lakini nani kijijini kwenu anajua kusoma ramani ya simu, kupiga picha ya mpaka, kuandika muhtasari wa mkutano usiokuwa na makosa? Ni wewe uliyemaliza kidato cha nne unayesema huna cha kutoa kwenye jumuiya ndogo ndogo. Pale Basotu, binti mmoja wetu aliyesomea ukarani alikaa siku nzima na mtendaji wa kijiji wakiandika upya majina na mipaka. Hakushika udongo hata mara moja, tulimtania. Nafikiri alijenga kuliko sisi.

Siku ya tano nyumba ilisimama, milango 2, bado mbichi, inanuka udongo. Padre aliibariki kwa ruhusa ya mama. Kisha mama akaleta kibuyu cha zamani, kikavu, chenye mfuniko wa ngozi. Akaweka ndani nakala ya muhtasari wa kijiji na karatasi ya baraza, amezikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Akakitundika kwenye nguzo ya kati. Hakuna mtu aliyemsomea Yeremia. Tulitazamana tu.

Wakati wa kurudi tulizungukia Katesh, na lori lilipita karibu na Waret. Unaikumbuka Desemba 3, 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope liliposhuka kutoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80? Walionusurika walijengewa nyumba 109 Waret, kwenye kijiji cha Gidagamowd. Majina yaleyale ya mashamba ya ngano. Tuliziona nyumba zile, mabati yanang'aa, watoto wanacheza. Hakuna aliyesema kitu kwenye lori, ila mwenyekiti wetu alivua kofia.

Mpaka leo ninapoandika, nyumba ya mama imesimama. Shauri bado. Nilipofika nyumbani nilimweleza babu alivyosema yule mzee. Alinitazama, akainuka, akaenda kuwatazama mbuzi. Siku 2 hakunisemesha. Nikajua nimeharibu.

Jumapili ya Pasaka, tumetoka Misa, tunanawa mikono tule, akaniuliza bila kunitazama: "Basi la kwenda Basotu siku hizi linaondoka saa ngapi?"

Tunakwenda Julai. Ana miaka 79 na magoti yanamsumbua. Anasema mahali hapo hawezi kupasahau, kwa sababu jioni ile alikuwa ameuweka mlima bega la kushoto na ziwa mbele yake. Mtuombee.